Utu wa Mfanyakazi Kiwandani

Tukiulizwa juu ya hali ya kazi kiwandani, hutaja mshahara, joto, vumbi na kelele za mitambo. Hayo hupimika, na sheria imeyawekea mipaka; Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kazi kwa juma. Lakini je, jinsi mkuu anavyomwamrisha aliye chini yake nayo ni hali ya kazi, au ni suala la adabu tu?

Wafanyakazi wa nchi yetu walikwisha kulijibu swali hili. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara yake ya 15, ulimpiga kiongozi marufuku kuwa na majivuno na uonevu. Wafanyakazi hawakungoja kufasiriwa. Waliitwaa ibara hiyo wakawapimia mameneja wao. Migomo ikafuatana, na mara nyingi kisa hakikuwa nyongeza ya mshahara bali matusi na dharau. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walifikia hata kukishika kiwanda chenyewe mikononi mwao.

Wapo waliouita mwenendo huo utovu wa nidhamu. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mtambo haumngoji mtu, na uzembe wa zamu moja huirithisha hasara zamu inayofuata. Wala hatudai kwamba kila aliyeutaja Mwongozo alikuwa mchapa kazi. Lakini hapana budi tuulize: ni nidhamu gani inayotakiwa?

Tumfikirie fundi asimamiaye mtambo wa kufumia nguo. Masikio yake hutambua mlio uliobadilika kabla chuma hakijavunjika. Ikiwa amezoea kuambiwa kwamba hakuajiriwa ili afikiri, atanyamaza. Chuma kitavunjika, na taarifa ya ofisi itaandika kwamba ilikuwa ajali. Utii wa namna hiyo ni woga uliovaa sare ya kazi. Tena hasara haiishii kwenye chuma: mtu aliyeshinda kutwa akihesabiwa kuwa mikono isiyo na kichwa amenyimwa sehemu ya utu wake, na hakuna marupurupu yanayoweza kuifidia.

Mabaraza ya Wafanyakazi, yaliyotokana na Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970, yalikusudiwa kuitibu ndwele hii. Bali kazi yake ilikuwa kushauri. Meneja aliweza kusikiliza, kushukuru, kisha akatenda alilokwisha kulikata.

Basi mwalimu awapelekapo wanafunzi wake kiwandani, wasiishie kuuliza ni mita ngapi za kitambaa zinazofumwa kwa siku. Wamwulize fundi wa zamu ni lini alipomwambia mkuu wake, "Ndugu, hapa umekosea," na alijibiwa nini.