Jiwe Ni la Nani?

Mwezi uliopita niligonga jiwe usiku pale Outer Ring Road, bampa ikapasuka. Fundi wa Kariobangi aliiunga kwa chuma moto, akapiga rangi. Bima yangu hulipa hasara ya mtu mwingine tu, kwa hivyo nikatoa mfukoni.

Sote tunajua vile mawe hufika katikati ya lami. Lori linaharibika, utingo anaweka jiwe nyuma ya tairi lisirudi nyuma. Likiwaka, hao wanaenda.

Je, dereva huyo ana deni langu? Hanijui, simjui. Mtu wa biashara atasema deni lisilo na mdai lifutwe kwa vitabu. Lakini someni Kutoka 21:33-34. Aliyechimba shimo asilifunike, ng'ombe wa mtu akitumbukia, ni lazima alipe. Sheria haiulizi kama alikusudia, wala kama anamjua mwenye ng'ombe.

Kuweka jiwe si kosa, lilizuia ajali. Kosa ni kuliacha. Na kwa sababu hutawahi kumjua utakayemuumiza, deni hilo hulipwa mapema tu: ondoa jiwe kabla hujaondoka.

Na mimi niliyeligonga? Sikuliweka, lakini sasa nilijua liko pale. Nyuma yangu kulikuwa na bodaboda, na huyo hana bampa. Nikashuka, nikalisukuma kando. Mpendwa, jiwe ni la yule anayejua liko wapi.