Mwenyeji wa Mgeni Chuoni Ni Wewe

Wanangu mlio mwaka wa pili na wa tatu, nasaha yangu leo naianzia kwenu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, katika jengo la Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Kila mtu alimjua mwenzake. Leo kwenye kampasi yake ya Mlimani darasa moja la mwaka wa kwanza hujaza ukumbi kwa mamia. Mhadhiri hawezi kujua nani hajaelewa, nani hajala, nani ameanza kuwaza kurudi kwao. Wewe unayelala naye chumba kimoja unaweza.

Wiki ya kwanza mgeni hupewa ratiba na hotuba nyingi. Ninyi mpeni yaliyobaki. Mwambieni mapema kwamba kwa kawaida alama 40 kati ya 100 hutafutwa kabla ya mtihani wa mwisho, kwenye majaribio na kazi za vikundi. Anayengoja mtihani ukaribie ndipo afungue daftari, sapu, yaani mtihani wa marudio, inamhusu. Mfundisheni kupanga bumu, yaani fedha ya mkopo ya chakula na malazi: hutoka kwa awamu, na ikiisha kabla ya awamu nyingine, njaa haina rufaa. Kaa naye jioni moja asajili kozi zake kwenye simu, kwa mkono wake mwenyewe. Akikosea, mwelekeze, usimpokonye simu ukammalizia.

Anayenitia uchungu zaidi ni aliyehamia kutoka chuo kingine. Huyu watu humwona mwenyeji, kwa kuwa chuo si kitu kipya kwake. Kumbe hata uhamisho ukishakubaliwa, bado ana masomo ya kule yanayongoja kutambuliwa na idara, ana mkopo unaopaswa kumfuata, na anakuta vikundi vya majadiliano viliundwa tangu mwaka wa kwanza na havina nafasi yake. Anaona haya kuuliza choo kiko wapi, sembuse kuuliza mambo ya kozi. Msingoje aombe. Mwiteni kwa jina lake, mwambieni, "Njoo, kaa na sisi," kisha mkabidhini sehemu ya kazi ya kikundi, aibebe sawasawa na wengine.

Ulezi huu una mipaka. Usimwandikie mwenzako kazi zake, maana siku ya mtihani ataingia peke yake. Siri aliyokuambia isionekane kwenye kundi la WhatsApp. Nanyi vijana wa kiume, msaada kwa binti mgeni usiwe chambo. Anayesaidia kwa nia hiyo hajasaidia, ameonea. Na jambo likikuzidi kimo, liwe ugonjwa, unyanyasaji au mawazo ya kukata tamaa, mpeleke kwa Mshauri wa Wanafunzi, umsindikize hadi mlangoni.

Nanyi mliofika mwaka huu, msingoje matokeo mabaya ndipo mtafute wa kumuuliza. Ulizeni sasa, kuuliza si ujinga. Aliyewatangulia mwaka mmoja hajui yote, lakini njia mnayoiogopa ameipita juzi tu na anakumbuka penye tope. Mwakani zamu itakuwa yenu. Wema huu ni deni ambalo hulirudishi kwa aliyekukopesha. Unamlipa anayekuja nyuma yako.