Je, ni halali kuhatarisha roho kwa mchezo?

Swali hili laweza kuonekana geni kwa watu wa Miono. Huku kwetu hakuna kilele cha theluji. Anayetaka kwenda juu hukwea mnazi au mwembe. Lakini vijana wetu siku hizi huona mengi katika simu zao, na yale ya wapanda miamba yamewagawa. Wako wanaosifu, na wako wanaouliza: mtu mwenye akili timamu, tena mwenye wazazi na watoto, ana haki gani ya kwenda kuning'inia juu ya jabali kwa furaha tu?

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe, maana ni vibaya kuhukumu tusilolijua. Katika nchi nyingi watu hujiunga katika timu, na mwisho wa juma hupakia mahema, kamba na sufuria, wakaenda kwenye tamasha mahali penye miamba. Siku mbili hupanda, jioni hupika na kusimuliana. Jirani zetu wa Kenya wanao chama cha wapanda milima, Mountain Club of Kenya, ambacho kwa miaka mingi wanachama wake wamekwenda kupanda Lukenya, upande wa Athi River, na Hell's Gate karibu na Naivasha. Mwaka 2021, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, washindi wa kupanda walivishwa medali kwa mara ya kwanza. Basi tusiseme ni wazimu wa watu wachache.

Hupanda wawili wawili. Kila mmoja huvaa mkanda wa kiunoni na mapajani. Mmoja hupanda, mwenzake hubaki chini akishika kamba, iliyopitishwa katika kifaa cha chuma kinachoibana mtu anapoanguka. Kabla mguu haujaacha ardhi, kila mmoja huangalia fundo la mwenzake na kulivuta kwa mkono. Hufanya hivyo hata kama wamepanda pamoja miaka 10, wala hakuna anayenuna. Sisi twaona desturi hii ni bora kuliko kupanda kwenyewe. Huku kwetu, ukikagua kazi ya fundi mzee mbele yake, utaambiwa huna adabu.

Lakini wapingaji wana neno zito, na wahenga wamewatangulia: mchuma janga hula na wa kwao. Mpanda miamba husema roho ni yake. Akishaanguka, je, ni yake peke yake?

Mwezi wa Septemba 1970, vijana wawili Waaustria, wote waganga, Gerd Judmaier na Oswald Oelz, walifika Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, mita 5,199. Wakati wa kushuka jiwe lilimponyoka Judmaier, akaanguka, na mguu ukavunjika hata mfupa ukatokeza nje. Kamba ya mwenzake ndiyo iliyomzuia asipotee kabisa. Oelz alimsitiri awezavyo, kisha akashuka peke yake kutafuta msaada. Watu wa Mountain Club of Kenya wakapanda, wengi wao si waokoaji wa kulipwa, ila watu wenye kazi zao mjini. Siku zikapita kwenye baridi na mawe. Ikaletwa helikopta, ikaanguka, na rubani wake, Mmarekani Jim Hastings, akafa. Hatimaye waokoaji waliokuja kwa ndege kutoka Austria walisaidia kumshusha majeruhi, baada ya juma zima mlimani. Judmaier akapona. Oelz akaendelea na milima, na mwaka 1978 akafika kilele cha Everest.

Mmoja alirudi kwao, mwingine akazikwa, naye hakuwa amepanda mwamba wowote. Mambo haya hayaingii katika mizani ya duka. Wengine husema Hastings alikwenda mwenyewe, kwa hiyo hakuna anayedaiwa. Sisi hatukubali. Mtu mwema akisikia mwenzake analia juu ya mlima, hana nafasi kubwa ya kuchagua. Wema wake wenyewe humsukuma. Basi apandaye huweka rehani si roho yake tu, bali na wema wa watu asiowajua.

Hata hivyo hatusemi ni haramu. Wasomaji wanaijua habari ya kinara cha hekalu, na aliyeshawishiwa ajitupe kwa kuwa malaika watamdaka. Huko ndiko kujaribu. Judmaier na Oelz hawakujitupa. Walikuwa na ujuzi, na walikuwa wamefungana kamba. Mpandaji anayekagua fundo, anayetazama mawingu, anayekubali kurudi akiwa amebakiza hatua chache, huyo amewafikiria watakaomfuata. Anayepanda ovyo kwa kuwa atakuja kuchukuliwa, huyo ni mwizi wa wema wa watu. Kupiga marufuku si dawa pia. Tungeanza na miamba tukaishia baharini, kwenye mashua na nyavu.

Na hapo ndipo mabishano ya vijana wetu yanapotusumbua sisi wenyewe. Mzungu anayening'inia kwa kamba nene, na mwenzake chini hamwondolei macho, twamwita mwendawazimu. Lakini mkwezi wa pwani yetu hukwea mnazi mrefu kama nyumba ya ghorofa sita, miguu mitupu, panga kiunoni, akikanyaga vidato vilivyochongwa katika shina. (Neno hili hili tumewapa wanafunzi wa sekondari, nao hupanda kidato kimoja kimoja bila kujua limetoka wapi.) Hana mkanda. Chini hakuna ashikaye kamba. Yuko mtoto anayeokota nazi, na mwenye shamba anayehesabu. Mvua ikiwa imenyesha usiku, shina huteleza. Akianguka, haitaletwa helikopta. Ataletewa kitanda cha kamba, na pikipiki kama barabara inapitika.

Yule anayecheza amelindwa kuliko huyu anayefanya kazi. Wengine watajibu kwamba mkwezi anajua kazi yake tangu utoto, na kamba itamchelewesha. Huenda ni kweli. Lakini anayekwea kwa ajili ya mchuzi wetu amechuma janga kwa niaba yetu, kwa hiyo sisi ndio wale "wa kwao" waliotajwa na wahenga. Kama Hastings alistahili kukumbukwa, mke wa mkwezi aliyevunjika kiuno adaiwe nini na walionunua nazi zile?

Twaona hata kabla ya kufika kwenye kamba na mikanda yapo ya kufanya. Mwenye shamba aweza kuvitazama vidato vya mnazi mzee kabla ya kumwita kijana. Aweza kusema leo shina limelowa, njoo kesho, na mchuzi ukapikwa bila nazi siku moja. Na mkwezi akitazama mti akatikisa kichwa, asiitwe mwoga, wala asitafutwe mwingine mwenye njaa zaidi.