Dawa Ndani ya Kikombe cha Chai



Mama mmoja aliyefunga ndoa kanisani miaka 18 iliyopita ametuandikia barua ya kurasa nne. Ameomba tusichapishe jina lake wala mahali anapoishi, nasi tumekubali. Mumewe ni seremala. Miaka mitatu iliyopita mume huyu alianza kusikia sauti za watu wasioonekana. Akasema majirani wamepanga kumtilia sumu, akakataa chakula cha mtu yeyote isipokuwa kile kilichopikwa na mkewe. Alilazwa hospitalini wiki sita, akarudi na vidonge. Alivimeza kwa muda, kisha akaviacha. Usiku mmoja aliwatoa watoto nje kwenye mvua, panga mkononi, akisema nyumba imezingirwa.

Asubuhi iliyofuata mama huyu alisaga vidonge vile kwa kijiko, akavikoroga ndani ya chai ya mumewe. Amefanya hivyo mpaka leo, karibu miaka miwili. Vidonge huenda kuvichukua kliniki yeye mwenyewe, akisema mzee yuko kazini. Mume ametulia, amerudi kwenye karakana yake, karo inalipwa. Tena mwaka jana alisimama katika jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo akashuhudia kwamba Bwana Yesu amemponya bila dawa. "Watu walipiga makofi," anaandika mama huyu. "Mimi nilitazama chini." Swali lake ni fupi: Je, nimetenda dhambi?

Wewe msomaji, kabla hujamhukumu, jiweke jikoni mwake alfajiri ile. Watoto wana matope hadi magotini. Kumpeleka mumeo hospitalini kwa nguvu kunataka gari, wanaume wanne na kamba, na majirani wakitazama. Vidonge viko kabatini. Aliyetenda alivyotenda asubuhi ile alifanya kama mtu anayemvuta mwenzake kutoka barabarani gari likija. Hatuombi ruhusa wakati kama huo, na sidhani kwamba Mungu atamdai kwa ajili ya kikombe kile cha kwanza.

Lakini asubuhi ile ilikwisha. Alipona kiasi cha kuongea, kucheka, kuuza vitanda na kuandika hesabu zake. Kikombe cha mia sita si kikombe cha kwanza. Hapo ndipo swali lenyewe linapoanza, nalo linatuhusu hata sisi ambao hatuna mgonjwa nyumbani: je, ahadi tuliyoweka altareni, ya kuwa waaminifu katika afya na katika maradhi, inatupa mamlaka ya kuamua juu ya mwili wa mwenzetu pasipo yeye kujua?

Wako watakaomkimbilia Mtakatifu Paulo, kwa kuwa aliwaandikia Wakorinto kwamba mume hana amri juu ya mwili wake bali mkewe, na mke vivyo hivyo. Nimesikia maneno hayo yakitumiwa vibaya katika mabaraza ya ukoo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Lakini endelea kusoma mstari unaofuata. Paulo anasema hata kunyimana kwa muda kwa ajili ya sala kuwe ni kwa kupatana. Ikiwa mwenye ndoa hawezi kuingia katika mfungo wa sala peke yake bila kumwuliza mwenzake, atawezaje kumlisha dawa miaka miwili bila kumwambia?

Tena fikiri juu ya kikombe chenyewe. Ugonjwa wa mtu huyu ulikuwa ni kuamini kwamba watu wanamtilia kitu katika chakula. Mtu mmoja tu duniani hakumshuku, naye ni mkewe. Je, itakuwaje siku atakapoona unga mweupe chini ya kikombe? Sauti zilizomwambia kwamba anawekewa kitu zitakuwa zimesema kweli. Hakuna daktari atakayeweza kumwondolea shuku hiyo, kwa maana haitakuwa ndoto tena. Ndipo utaona kwamba chai ile, inayomtuliza leo, imeweka akiba ya hatari kubwa kuliko ile ya panga.

Na kuna hatari ndogo ndogo ambazo mama huyu pengine hazijui. Mtoto aweza kumalizia chai ya baba. Mume akiugua malaria akaenda kwa mganga mwingine, ataulizwa kama anatumia dawa yoyote, naye atajibu kwa moyo safi kwamba hatumii. Akipitia mahali penye chang'aa, atakunywa juu ya dawa asiyoijua.

Sasa niseme jambo ambalo lilinishughulisha kuliko yote katika barua ile. Katika kurasa nne hakuna mahali panapoonyesha kwamba mtu yeyote alimwuliza seremala huyu kwa nini aliacha vidonge. Sababu imo, ila imeandikwa pembeni, kama jambo dogo: alisema mikono inatetemeka, hawezi kushika randa. Seremala asiyeweza kushika randa! Na chini yake mama anaongeza, kwa haya, kwamba tangu arudi kutoka hospitalini "mambo ya chumbani yalipoa", na mumewe alidhani amerogwa.

Mimi si daktari, lakini nimewasindikiza wagonjwa wa akili kliniki, mmoja wao wa damu yangu. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi, tukaonwa saa saba, kwa dakika zisizozidi tano. Daktari alikuwa mtu mpole aliyechoka. Alinitazama mimi akauliza: Anakula? Analala? Anasumbua? Ndugu yangu alikuwa ameketi katikati yetu, mtu wa miaka arobaini na zaidi, akisikiliza anavyosemwa kana kwamba ni ng'ombe wa mnada. Akaandikiwa dawa ile ile. Inajulikana vyema kwamba dawa nyingi za kutuliza sauti na shuku zaweza kukaza misuli, kutetemesha mikono, kunenepesha mwili na kupunguza nguvu za kitandani. Zote hizo zina njia za kushughulikiwa: kipimo hupunguzwa, dawa hubadilishwa. Lakini ni lazima kwanza mgonjwa aulizwe, na mkewe aambiwe. Ni ndoa ngapi zimevunjika kwa kudhaniana uchawi au uzinzi, kumbe ni jambo lililopaswa kuelezwa kwa sentensi mbili wakati wa kutoa kidonge?

Tabia hii ya kutomwuliza mgonjwa ina mizizi mirefu kwetu. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910 kwa jina la Kiingereza lililomaanisha nyumba ya wendawazimu, na mahali kama hapo palikusudiwa kufungia kabla ya kuponya. Carothers, mganga aliyeisimamia tangu 1938 hadi 1950, hakuwa amesomea magonjwa ya akili alipopewa kazi hiyo. Hata hivyo mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapa kitabu chake, ambamo alilinganisha akili ya Mwafrika mzima na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mtu anayewaza hivyo hana haja ya kumwuliza mgonjwa wake kitu. Siku hizi sheria ni nyingine. Marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Afya ya Akili yanampa mgonjwa haki ya kukubali matibabu na kushiriki katika kuyapanga. Wako pia wauguzi wanaofanya hivyo kwa upendo mkubwa. Lakini foleni haijui sheria.

Usinielewe vibaya ukadhani nawaunga mkono wale wanaosema vidonge vyote ni sumu, na kwamba afya ya mtu mzima ni mizizi, maji ya upako na mikesha. Nimewaona waliofungwa minyororo katika nyumba za maombi. Yoshua bin Sira (kitabu ambacho ndugu zetu wengi Waprotestanti hawana katika Biblia zao, na hapa wanakosa kitu) anaweka katika sura ya 38 sala na tabibu pamoja: mgonjwa aombe, atubu, kisha ampishe daktari, kwani naye ameumbwa na Mungu, na dawa zinatoka katika ardhi yake.

Ukitaka kuona maana ya kumtibu mtu mzima, soma habari za Elia katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii amechoka, amelala chini ya mti, anaomba afe. Malaika hakumhubiria wala hakumkemea kwa kukosa imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha, akampa tena. Ndipo baada ya safari ndefu Mungu mwenyewe alipokuja kwake, naye alianza kwa kumwuliza: unafanya nini hapa? Mungu ajuaye yote aliuliza! Akamwacha Elia aeleze, tena mara mbili, kwa maneno yale yale.

Hata matabibu wamewahi kugundua njia hiyo. Mwaka 1954 daktari Mnaijeria, Thomas Lambo, alipokuwa akianzisha hospitali ya Aro karibu na Abeokuta, aliwapangisha wagonjwa katika vijiji vya jirani, kila mmoja pamoja na jamaa yake. Walipata dawa za kisasa mchana, jioni wakarudi kupika, kulima na kusalimiana na watu. Hakutupa dawa, wala hakumtenga mgonjwa na nyumba.

Basi mama, nikujibu. Kuhusu dhambi, ukurasa huu si kiti cha maungamo; mwendee padre, naye atakupokea. Kuhusu la kufanya: usiache dawa ghafula, wala usimwambie mumeo leo jioni kwa kuwa umesoma hapa. Nenda kwanza kliniki, mwambie daktari au muuguzi ukweli wote, pamoja na habari za randa na za chumbani. Umwombe akutane na mumeo, azungumze naye kama baba wa nyumba. Tafuta mtu mmoja anayemheshimu, labda msimamizi wenu wa arusi, awepo siku utakapomwambia. Mwambie ni wewe, na umwambie habari za usiku ule wa mvua, kwa sababu pengine haukumbuki. Yawezekana atachagua sindano ya mara moja kwa mwezi, au dawa nyingine isiyotetemesha mikono. Na akiwa mzima hivi, mwandike pamoja mambo anayotaka yafanyike sauti zikirudi: aitwe nani, apelekwe wapi, watoto walale kwa nani. Hapo hata akishikwa kwa nguvu, itakuwa ni kwa neno lake mwenyewe.

Ushuhuda wake usiuguse mbele ya watu. Ameponywa kweli, ila hajui kwa mikono ya nani. Atakapojua, ni yeye atakayeamua awaambie nini wanajumuiya.

Unauliza mwishoni: na akikataa? Yaweza kutokea. Mtu anayeulizwa ana uwezo wa kusema hapana, la sivyo hatukumwuliza. Akikataa akiwa mtulivu, ngoja, endelea kumwuliza, mlinde asikose usingizi na chakula. Panga likirudi mkononi, watoe watoto, ita msaada, lala kwa ndugu zako. Kanisa linajua jambo hili. Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inakubali wenye ndoa watengane panapokuwa na hatari kubwa, na hatari ikiisha warudiane.

Wasomaji waliopitia njia hii, hasa ninyi mliokuwa upande wa kunywa chai, tuandikieni. Majina hayatachapishwa.