Deni la Mwenyeji kwa Mgeni

Wahenga walisema kuwa ahadi ni deni. Neno hili hatulipingi. Lakini ziko ahadi ambazo hazikutamkwa na ulimi wa mtu yeyote, na juu ya hizo wahenga hawakutuambia mdeni ni nani na mdai ni nani. Mtu husikia sifa za mahali pazuri. Kisha huambiwa kuwa karibu ya hapo pana mahali pengine, ndugu wa pale pa kwanza. Mara moyo wake huchukua uzuri wa pale pa kwanza ukauvika pale pa pili. Siku afikapo akakuta sura nyingine, hunung'unika kwamba amedanganywa. Je, amedanganywa kweli? Na kama ndivyo, ni nani aliyemdanganya: mwenyeji, jina la mahali, au moyo wake mwenyewe?

Swali hili si la mbali. Mji wa Thika, katika Kaunti ya Kiambu, una mito miwili jirani, Chania na Thika. Yote miwili huteremka kutoka milima ya Nyandarua, na kabla ya kukutana kila mmoja huanguka juu ya mwamba wake. Hoteli ya Blue Posts, iliyoanza mwaka wa 1908, ilijengwa mahali ambapo mgeni aweza kuyatazama maporomoko ya Chania na ya Thika bila ya kuchosha miguu. Upande wa mashariki, karibu na Kilima Mbogo ambacho pia huitwa Ol Donyo Sabuk, mto Athi nao huanguka kwa mikondo mingi iliyotandaa juu ya mwamba mpana. Hayo ndiyo maporomoko yaitwayo Fourteen Falls, maana yake maporomoko kumi na manne.

Watu huyataja maporomoko haya kwa pumzi moja kana kwamba ni watoto wa mama mmoja. Lakini sivyo yalivyo. Maji ya Chania huingia katika mto Thika, na Thika huingia katika Tana, mto mrefu kuliko yote ya Kenya. Maji ya Athi hushika njia yake mbali kabisa, yakabadili jina kuwa Galana, kisha Sabaki, mpaka yakaingia baharini karibu na Malindi. Tena mto Athi hupokea maji ya mto Nairobi, na pamoja na maji hayo hupokea taka za jiji zima, hata pengine povu na harufu humtangulia mgeni kabla hajaona chochote. Mto Thika nao umefungwa huko juu kwa bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka wa 1994, ili wakaaji wa Nairobi wapate maji ya kunywa. Zaidi ya hayo, majira hayakai mamoja. Mwezi wa Mei, baada ya mvua za masika, maporomoko hunguruma. Mwezi wa Februari, katika kiangazi, mwamba huonekana kuliko maji.

Sasa nitakiri kosa langu, maana mwalimu asiyekiri kosa hafai kusahihisha ya wengine. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha Ruiru, mji ulio katika barabara kuu kati ya Nairobi na Thika. Nilikuwa nimeyaona maporomoko ya Athi mwezi wa Mei, na nikawasimulia wanafunzi wangu kwa maneno mengi matamu. Wakataka kwenda. Fedha zilizochangwa hazikutosha kukodi gari mpaka huko. Zilitosha kutufikisha Thika mjini tu. Badala ya kueleza hivyo, nilisema, "Tutakwenda Chania. Ni ndugu yake. Ni yale yale." Msichana mmoja akachora picha ya mikondo kumi na minne, akaitia ndani ya daftari yake ili ailinganishe na kile atakachokiona.

Tulikwenda mwezi wa Februari. Maji yalikuwa membamba, yakianguka kwa utulivu katika kivuli cha miti. Wanafunzi walitazama, kisha wakanitazama. Mvulana mmoja akauliza, kwa adabu, "Mwalimu, haya ndiyo yale uliyotuambia?" Sikuwa na jibu. Yule msichana aliikunja picha yake mara nne, akairudisha ndani ya daftari. Mchango wake ulikuwa umelipwa na mama anayeuza mboga. Njiani kurudi Ruiru hakuna aliyeimba.

Mwaka uliofuata nilipeleka darasa jingine mahali pale pale, mwezi ule ule. Safari hii niliwaambia: "Hamtaona maji mengi. Mtaona mto katika kiangazi, na jinsi maji machache yalivyochonga jiwe gumu kwa miaka mingi. Mtaona pia mahali karibu na mito miwili inayokutana, na mtaniambia kwa nini mji ulijengwa hapo." Walirudi wakibishana juu ya mawe na mito mpaka lango la shule. Maji hayakuongezeka hata kikombe kimoja. Kilichobadilika kilikuwa neno langu.

Kutokana na hayo naona kwamba matarajio ya mgeni yana wazazi watatu. Wa kwanza ni jina. Mahali pawili pakiitwa kwa jina moja, watu hudhani kuwa tabia yake ni moja. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka wa 1948, kisha ikagawanywa kuwa mbili, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Jina ni moja, lakini Mashariki ni nchi ya tambarare pana na ndovu waliopakwa vumbi jekundu, na Magharibi ni nchi ya vilima, mawe ya volkano na chemchemi za Mzima. Aliyeona moja hajaiona ya pili.

Mzazi wa pili ni sifa. Mwaka wa 1959 Elspeth Huxley alichapa kitabu juu ya utoto wake Thika na juu ya miti yenye maua mekundu kama moto. Kitabu kilisomwa duniani kote, na hata leo wako wageni wanaofika Thika wakiitafuta nchi ile ya zamani. Hukuta viwanda, magari, mashamba ya mananasi na mji wenye shughuli zake. Thika haikumwahidi mtu yeyote kwamba itasimama pale pale ilipokuwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hata hivyo hulaumiwa kwa kukua.

Mzazi wa tatu ni moyo wa mgeni mwenyewe, ambao hupenda kujaza kwa ndoto kila mahali palipoachwa wazi na habari. Mzazi huyu ana nguvu kuliko wenzake, kwa sababu hafanyi kazi yake hadharani.

Wako wasemao kwamba basi mgeni ajilaumu mwenyewe. Macho anayo, masikio anayo, kwa nini hakuuliza? Hoja hii ina ukweli nusu. Mgeni kweli anapaswa kuuliza. Lakini mtu asiyejua kitu hajui hata cha kuuliza. Wanafunzi wangu hawakuweza kuniuliza juu ya kiangazi cha mto wasioujua. Mimi niliujua nikanyamaza. Ajuaye akinyamaza kwa faida yake, kunyamaza kwake hakutofautiani sana na kusema uongo.

Wengine husema kwamba dawa ni kufananisha mahali pote, ili mgeni asione tofauti. Hili limejaribiwa na watu wenye mali nyingi. Walt Disney alifungua bustani yake ya michezo California mwaka wa 1955, na baada yake zikajengwa nyingine Florida mwaka wa 1971, Tokyo mwaka wa 1983 na karibu na Paris mwaka wa 1992. Ingawa ni dada na kila moja ina kasri lake, hata wao hawakuweza kuzifanya sawasawa: kasri la California lina urefu wa mita 23 hivi, na lile la Florida lina mita 57 hivi. Bustani ya Ufaransa ilipofunguliwa haikuuza mvinyo, kwa kufuata desturi ya dada zake. Wafaransa, waliozoea mvinyo pamoja na chakula, wakalalamika, na mwaka wa 1993 desturi hiyo ikabadilishwa. Ikiwa vitu vilivyojengwa kwa mikono na kwa fedha havikubali kufanana, itakuwaje mito, ambayo haikujengwa na mtu?

Kuna jibu la tatu, nalo linafanana sana na hekima, kwa hiyo ni la hatari zaidi. Husemwa: "Mpunguzie mgeni matumaini. Mwambie kuwa mahali petu si kitu, naye akifika atafurahi." Darasa langu la pili, je, si ushahidi wa shauri hili? Nasema si ushahidi. Sikuwaambia kwamba Chania si kitu. Niliwaambia Chania ni nini. Anayeshusha thamani ya kitu ili mgeni afurahi anapima mizani kwa jiwe la uongo sawasawa na yule anayeipandisha. Kama wajibu wetu ungekuwa furaha ya mgeni peke yake, basi uongo wa namna yoyote ungeruhusiwa madhali umefurahisha. Lakini deni letu kwa mgeni ni ukweli kwanza. Furaha ni zawadi ambayo mara nyingi huufuata, wala hatuna amri juu yake.

Hapa patatokea mtu mwenye njaa atuulize swali gumu. Katika maporomoko ya Athi wako vijana wanaowavusha wageni kwa mashua na kuwaongoza juu ya mawe. Chakula cha nyumba zao hutoka kwa wageni hao. Je, tuwaambie watangaze kwamba maji yamechafuka na ya Februari ni machache? Wageni wasipokuja, ukweli huo utaliwa na nani? Swali hili silidharau. Ukweli una gharama, na mara nyingi hulipwa na maskini kabla ya tajiri. Tena uchafu wa mto ule haukutiwa na vijana hao. Ulitiwa na sisi tunaokaa juu ya mto, na haki ingekuwa sisi tulipe. Lakini tutazame pia upande wa pili. Mgeni aliyedanganywa huja mara moja, na akirudi kwao huwazuia kumi. Mgeni aliyeambiwa, "Njoo mwezi wa Mei uone maji, au njoo Februari uvuke juu ya mawe," huchagua mwenyewe, na mtu hamlaumu mwenzake kwa jambo alilochagua kwa macho wazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ni mithali njema. Lakini mwenyeji hatapona kwa muda mrefu kwa dawa ya hila.

Mgeni naye ana wajibu wake. Akiisha kuambiwa ukweli, yampasa aache nyumbani kipimo cha mahali pengine. Mtu aliyekuja Chania akiwa na Athi machoni hataona Chania wala Athi. Kulinganisha si dhambi, maana akili hujifunza kwa kulinganisha; lakini kuona kutangulie, kulinganisha kufuate.

Wanafunzi wasomaji, huenda mkadhani kwamba haya ni mambo ya watalii tu. Tazameni ndani ya darasa lenu. Kila mwaka huingia shuleni mtoto ambaye kaka yake au dada yake alipita katika shule hiyo hiyo na kuacha sifa kubwa. Siku ya kwanza mwalimu husoma jina lake, akatabasamu, akasema, "Wewe ni ndugu wa fulani! Basi tutaona." Maneno hayo mawili ya mwisho ni mzigo. Mtoto hakuahidi kitu, lakini amekwisha kuwa na deni. Akipata alama nzuri, husemwa kwamba ni kawaida ya nyumba ile. Akipata mbaya, husemwa kwamba ameiangusha. Pengine ana kipawa cha kuchonga mbao, au cha kuwatuliza wagomvi, lakini hakuna anayekitazama, kwa kuwa wote wanatafuta ndani yake mikondo kumi na minne. Nami niliposema "ni yale yale" juu ya mto, ndipo nilipokumbuka ni watoto wangapi niliowahi kuwaambia neno hilo. Mto hauumii. Mtoto huumia.

Hata miji ina hali hiyo. Wazee hukumbuka Ruiru kama kituo kidogo katikati ya mashamba ya kahawa, na Thika kama mji mkubwa wenye viwanda. Lakini hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Ruiru imeizidi Thika kwa wakaaji wengi. Aliyeihukumu Ruiru kwa kipimo cha Thika alichelewa kuiona.

Basi nani mdeni? Nasema kwamba ahadi isiyotamkwa ni deni la yule anayejua tofauti akaificha. Asiyeijua hana deni, ila ana wajibu wa kuuliza. Nanyi mtakapokuwa wenyeji, wa duka, wa shule, wa hoteli au wa nyumba, msimwambie mtu kwamba kitu ni kile kile kumbe ni kingine. Mwambieni kilivyo, kwa heshima na bila ya kukidhili, kisha mwacheni aje aone.

Yule msichana sikumsahau. Kabla hajamaliza shule nilimwomba radhi, naye alicheka akasema kwamba picha bado anayo. Aliongeza kuwa siku moja atakwenda Athi kwa nauli yake mwenyewe. Nikamwambia aende mwezi wa Mei.