Farasi Hadaiwi

Wafanyakazi wa mashirika wameniuliza zaidi ya mara moja: mtu asiye na kitu anabetije? Huku kwetu kambini swali linageuzwa: mtu asiye na kitu, afanye nini kingine? Naona maswali yote mawili yanaruka jambo moja, na wanaolionyesha vizuri ni watu wa mbio za farasi. Mchezo wao ni mkongwe na hesabu zake ziko wazi.

Huko Paris, miaka ya 1860, Joseph Oller alianzisha utaratibu unaotumika mpaka leo kwenye viwanja vingi vya mbio. Madau yote yanatiwa chungu kimoja, mwenye mchezo anachota fungu lake kwanza, kinachobaki wanagawana waliopatia. Tuchukue mfano: watu kumi, kila mmoja shilingi 1,000. Tuseme mwenye mchezo anachota asilimia 20. Kwenye 10,000 zinabaki 8,000. Wakizirudisha zote mbio ya pili, zinabaki 6,400. Ya tatu, 5,120. Ya nne, 4,096. Hakuna aliyeiba, farasi wamekimbia kweli, na zaidi ya nusu ya pesa imeshaondoka. Kosa la kwanza basi ni kumtazama jirani aliyeshinda na kusahau kutazama chungu.

Kosa la pili ni kuona moyo ukiwa na uhakika na kudhani huo ni ushahidi. Mwaka 1968 watafiti Knox na Inkster walichapisha utafiti wa kwenye uwanja wa mbio wa Vancouver, Kanada. Waliwauliza watu farasi wao ana nafasi gani ya kushinda. Wengine walikuwa hawajalipa, wengine ndiyo wametoka dirishani kulipa. Waliokwisha kulipa walikuwa na imani kubwa zaidi. Farasi ni walewale. Kilichobadilika ni mfuko tu.

La tatu ndilo linaloumiza. Jamaa amekosa tangu asubuhi. Jioni anamwacha farasi anayetegemewa na wengi, anamwendea yule asiyetakiwa na mtu, kwa kuwa huyo tu, akishinda, ndiye analipa kiasi cha kufuta hasara yote. Hakumchagua kwa mbio zake, amemchagua kwa ukubwa wa hasara. Tangu mwanasaikolojia R. M. Griffith alipozichunguza mbio za Marekani mwaka 1949, inajulikana kwamba farasi wa namna hiyo huwekewa pesa nyingi kuliko nafasi yao halisi. Ukimuuliza jamaa anafanya nini, atakwambia: "Narudisha pesa yangu."

Sikiliza lugha hiyo. Narudisha, yangu. Ni lugha ya mtu anayedai. Ati farasi ana deni lake! Na siku hizi, kwenye maduka ya kubeti mjini, hao farasi wenyewe ni picha kwenye skrini na mshindi anachaguliwa na programu ya kompyuta. Bado watu wanaidai.

Lakini sitawacheka, kwa sababu sisi tulioko hapa tunadai kweli. Tunadai nyumba, shamba, miaka ya shule, na watu tuliowazika bila kuwaaga. Deni hilo si ndoto. Na faili iko ofisini, ukienda unaambiwa subiri utapigiwa simu. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Beti inajibu jioni hiyohiyo. Kwa mtu aliyengoja habari ya nchi ya tatu miaka saba, jibu lolote, hata "umekosa", lina utamu wake. Kwa hiyo anayesema tunabeti kwa ujinga tu hajatuelewa.

Ila kudai haki na kuomba bahati ni mambo mawili. Haki ina mdaiwa: aliyechoma kijiji, aliyechukua shamba, serikali iliyonyamaza. Anaweza kutajwa, hata kama halipi leo. Bahati haina mlango wa kubisha hodi. Haijui ulipoteza nyumba, wala haijui kwamba umekosa mbio iliyopita. Ukilipeleka deni la haki kwenye dirisha la beti, mdaiwa wako hasikii chochote. Anayelipa ni mtu mwingine, na mara nyingi yuko nyumbani kwako.

Hapo ndipo swali langu lilipo. Msikitini tunaambiwa kamari ni haramu, na wahubiri wengi kanisani wanasema ni dhambi, sibishani nao. Mimi nauliza dogo tu: dau ni la nani? Kadi ya mgao inahesabu vichwa. Pesa ikiingia kwenye simu ya baba wa nyumba ya watu sita, sehemu yake ni moja katika sita. Kijana aliyebeba matofali mchana kutwa akaweka jasho lake, akikosa amekosa chake. Baba aliyeweka mgao amecheza na chakula cha mtoto ambaye hakuulizwa. Na akishinda je? Bado mtoto hakuulizwa. Ushindi unaleta nyama siku moja, lakini hauoshi hilo.

Najua kuna watakaosema: basi tuwape unga na maharage badala ya pesa. Hapana. Unga nao unauzwa sokoni, tena kwa bei ya kutupa, na mama anayepanga vizuri ataadhibiwa kwa kosa lisilo lake. Mimi napendekeza kitu kidogo kisichohitaji mradi. Meseji ya mgao ikiingia, isomwe kwa sauti mbele ya watu wote wa nyumba, kiasi chote, hadi shilingi ya mwisho. Kisha anayetaka kubeti aombe hapohapo, mbele yao, aseme ni kiasi gani na anataka kumwekea farasi gani.