Je, Ni Haki Kupima Shule Zote kwa Mizani Moja?

Kila mwaka matokeo ya mitihani yatokapo, watu huulizana, "Shule gani imeshinda, na ipi imeshindwa?" Swali hili laonekana dogo, walakini ndani yake limo neno la haki, nalo yatupasa kulitafakari.

Na tutazame wilaya moja tu, Arumeru, katika mkoa wa Arusha. Huko iko Ilboru, shule ya Serikali iliyo miongoni mwa shule za vipaji maalumu. Wanafunzi wake huchaguliwa kutoka pande nyingi za nchi, kwa sababu walifanya vema sana katika shule za msingi, nao hulala shuleni. Katika wilaya iyo hiyo zimo shule za kata, ambazo ziliongezeka sana nchini tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004. Hizi huwapokea watoto wa vijiji vya jirani, mwepesi wa kufahamu na mzito pamoja. Na wengi huenda kwa miguu asubuhi na kurudi jioni, kisha kazi za nyumbani zawangoja.

Basi, tukiziweka shule hizi katika orodha moja, twapima nini? Mkulima aliyepewa shamba la bondeni na mbegu teule, na mwenzake aliyepewa mteremko wa mawe, hawahukumiwi kwa hesabu ya magunia peke yake. Mwamuzi wa haki huuliza kwanza kila mmoja alianzia wapi.

Wengine husema, "Kama ni hivyo, tuache kulinganisha kabisa." Mwezi wa Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Neno hilo lina maana njema, maana orodha ile iliwapa sifa wachache, na wengi haikuwasaidia. Lakini tusidhani ya kuwa kunyamaza ndiyo haki. Ikiwa shule moja haina mwalimu wa hesabu, na nyingine inao watatu, asiyezilinganisha hataliona pengo hilo, na mtoto ndiye atakayelipa.

Tena kulinganisha huweza kuondoa dharau. Kisimiri, shule ya Serikali iliyo kwenye miteremko ya Mlima Meru katika wilaya hiyo, ilitangazwa ya kwanza nchini katika mtihani wa Kidato cha Sita mwaka 2016. Ni kweli, wanafunzi wa Kidato cha Tano nao huchaguliwa. Hata hivyo wengi walijifunza ya kuwa heshima haikai mjini tu.

Kwa hiyo kuna kulinganisha kwa namna mbili. Kwa kwanza hutafuta wa kumsifu na wa kumcheka, kisha huishia hapo. Kwa pili hutafuta aliyepungukiwa, ili apewe. Nasi wazazi, wakatekista na wajumbe wa bodi za shule, tuulize hivi: Walimu ni wangapi? Walioingia Kidato cha Kwanza ni wangapi, na waliofika kwenye mtihani ni wangapi? Walioachwa njiani wako wapi? Maana shule yaweza kuonekana njema katika orodha kwa sababu wanyonge wake hawakuhesabiwa.

Tukishajua, tusimwite mtoto kwa jina la dharau kwa ajili ya shule aliyopangiwa. Hakuichagua yeye, bali sisi tuna uwezo wa kuitengeneza.